Miguu ya Baba Kwenye Mchanga

Mwezi uliopita mama alinituma Bungoma kununua mafuta ya taa, nikapita nyuma ya gereji moja karibu na stesheni. Fundi alikuwa amemwaga oili chafu juu ya mchanga ili vumbi lisimsumbue, na jua lilikuwa limeupiga mchanga ule tangu asubuhi. Harufu yake ilinisimamisha pale pale, debe mkononi. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Umeangusha kitu, dada?" Nikatikisa kichwa. Mimi si mtu wa kujieleza barabarani. Hata nyumbani maneno yangu hutoka kwa shida, na kuandika pia naandika polepole. Lakini harufu ile ilikuwa imenirudisha Kitale, kwenye uwanja wa gofu, nikiwa mtoto wa darasa la pili, nikiitazama miguu ya baba yangu.

Wa rika langu mliokulia Kabuchai na kandokando yake mnajua tulivyolelewa. Baba alikuwa mtu wa sikukuu. Alikuja Krismasi na baiskeli yake, akaja tena kwa siku chache wakati wa kupanda, na katikati alikuwa jina tu ambalo mama alilitaja tulipokosea: "Ngoja baba yako aje." Alifanya kazi Kitale, kwenye klabu ya wazungu. Alikuwa kedi, yaani mtu anayebeba mfuko wa fimbo za gofu na kumfuata mchezaji uwanja mzima. Nilipoambiwa kwamba baba hubeba fimbo za mzungu, tena nyingi, za urefu mbalimbali, nilidhani mzungu huyo ni kiwete. Nilimhurumia sana. Katika sala ya jioni nilikuwa namtaja, namwomba Mungu amponye miguu ili baba apate kurudi nyumbani.

Krismasi ninayoikumbuka, baba alikuja na habari. Mkubwa wa makedi alikuwa amezeeka na alitaka kurudi kwao, na katibu wa klabu, mzungu, alikuwa amesema kwamba cheo hicho atapewa kedi atakayeshinda shindano lao la kiangazi. Kila mwaka, wazungu wengi walipokwenda pwani kupumzika, makedi waliachiwa uwanja kwa siku moja wacheze wao kwa wao. Siku nyingine zote hawakuruhusiwa kupiga hata mpira mmoja. Na mkubwa wa makedi alikuwa na nyumba. Hapo ndipo mama alipoweka chini ungo aliokuwa akipepetea mtama.

"Nyumba ya namna gani?"

"Ya mawe. Vyumba viwili, jiko nje. Ni ya mtu na mke wake na watoto wake."

"Na wewe sasa unalala wapi?"

"Si unajua? Na wanaume wenzangu, chumba kimoja, kama viazi kwenye gunia."

Mama hakucheka. Ndugu yangu mdogo, Wanjala, alikuwa amekufa kwa homa wakati wa mvua zilizopita. Mama alimbeba mgongoni hadi kwa mganga wa serikali, akarudi naye vilevile mgongoni, na baba alipopata habari Wanjala alikuwa ameshazikwa. Kwa kedi asiye na nyumba, kuleta mke Kitale kulikuwa marufuku. Askari wakimkuta kwenye vyumba vya wanaume walimfukuza, na mume alipoteza kazi.

"Mimi sitaki tena kumtuma mtu na baiskeli akwambie mtoto wako amekufa," mama alimwambia bila kupaza sauti. "Shinda, Baba Wanjala. Sina neno lingine. Shinda tukae pamoja."

Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa ameketi mlangoni akimenya viazi. Aliacha kumenya. Nadhani alikuwa amehesabu vile vyumba viwili na kuona kwamba hakuna chake.

Basi baba akaanza kujifunza, na mimi nikawa macho yake, kwa sababu mchezaji wa gofu hawezi kuona jinsi anavyosimama. Alikuwa na fimbo aliyojitengenezea, kichwa cha chuma kilichotupwa klabuni na mpini wa mti wa mpera. Siku yenyewe angeazimwa fimbo za kweli. Nyuma ya nyumba, mahali tulipokuwa tumevuna mahindi, aliniambia nilaze mabua mawili chini. La kwanza lilielekea kule mpira unakotakiwa kwenda. La pili lililala sambamba nalo, mbele ya vidole vyake vya miguu.

"Watu wengi wanaelekeza mwili shimoni," alisema. "Sivyo. Mpira ndio unaokwenda shimoni. Wewe unasimama pembeni, kama unavyosimama kando ya njia ng'ombe wapite."

Kwa pigo la kwanza, lile refu, alitanua miguu kiasi cha upana wa mabega, na mpira ukakaa mkabala na kisigino cha kushoto. Hapa, alisema, unakata miwa, na ukibana miguu panga litakuangusha. Kwa pigo la kati alikaribianisha miguu kidogo, mpira ukawa katikati, magoti yakalegea. Hapa unalima, jembe linashuka mbele ya kifua chako, si ubavuni. Kwa pigo fupi, mpira unapobaki hatua chache kutoka shimoni, aliibana miguu karibu igusane, akausogeza mpira mkabala na mguu wa kulia, na uzito wote akauweka mguu wa kushoto. "Hapa unafagia tu. Umewahi kumwona mama yako akitanua miguu anapofagia?" Nikacheka. Mama akajibu kutoka jikoni, "Mwambie anionyeshe yeye alivyofagia mara ya mwisho!"

Kulikuwa na pigo moja zaidi, la mchangani, na hilo alilirudia kuliko mengine yote. Uwanjani walikuwa wamechimba mashimo mapana wakayajaza mchanga, ili mpira ukiingia humo umtese mwenyewe. Humo unasimama kama mtu aliye kwenye matope ya mtoni. Unachimbia miguu mpaka ishike. Unageuza mwili kidogo upande wa kushoto. Mpira unauacha mbele, karibu na kisigino cha kushoto, na huupigi mpira wenyewe, unapiga mchanga ulio nyuma yake, mchanga ndio unaoutoa. "Ukifagia ndani ya mchanga," alisema akinitazama usoni ili nisisahau, "umekwisha. Fimbo inazama, mpira unabaki pale pale unakucheka."

Kazi yangu ilikuwa kutazama na, nikiona kosa, kukohoa. Alichagua kikohozi kwa sababu alijua kwamba mbele ya watu sitasema neno. Baada ya siku chache nilikuwa najua miguu yake kuliko ninavyojua uso wake. Najua inashangaza kusema hivyo kuhusu baba yako mzazi, lakini uso wake niliuonea haya, miguu haikunitazama.

Mama alianza kuhama kabla ya wakati. Alitenga vyungu atakavyokwenda navyo na atakavyomwachia Kukhu. Alifua blanketi ambalo halikuwa chafu. Jioni moja nilimkuta amesimama katikati ya chumba chetu, mikono kiunoni, akizungusha macho ukutani. Alipoona namwangalia akasema, "Ati nyumba ya mawe haivuji, ni kweli?" Nikasema sijui. Akasema, "Utaniambia ukiiona," kwa sababu ilikuwa imeamuliwa kwamba nitakwenda na baba, mimi na kikohozi changu.

Kukhu naye alinipa onyo lake. Kwetu fimbo ya mtu ikiwa imelala chini hairukwi. Ukiiruka kwa bahati mbaya unageuka pale pale, unairuka tena kurudi ulikotoka, na jambo linakwisha. Usiporudi, umeikata njia ya fimbo hiyo, na mwenyewe hatafika anakokwenda nayo. Tulifundishwa hivyo kuhusu fimbo za kuchungia ng'ombe. "Na za wazungu ni vilevile," Kukhu alisema. "Mti ni mti."

Tulikwenda kwa baiskeli, mimi nyuma kwenye kikalio cha chuma na gunia lililokunjwa chini yangu. Tulipita Kimilili na Kamukuywa, tukasukuma kwenye milima. Kitale nililala kwa mke wa yule mkubwa wa makedi aliyekuwa akiondoka, katika nyumba ile ile ambayo ingekuwa yetu. Ilikuwa ya mawe kweli. Sakafu yake ya simenti ilikuwa baridi kama tumbo la chura. Maji yalitoka kwenye mfereji mmoja nje, uliotumiwa na nyumba zote, na mimi sikuwa nimewahi kufungua mfereji. Niliuzungusha kwa nguvu zangu zote, maji yakanirukia, gauni langu la pekee likalowa mbele kana kwamba nimejikojolea. Wasichana waliokuwa kwenye foleni walishikana mabega kwa kucheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, kwao wanakunywa na ng'ombe." Nilikimbia hadi kwa baba, aliyekuwa akipangusa fimbo za kuazimwa, nikalia mbele yake mpaka gauni likakauka.

Siku ya shindano makedi walikuja wamevaa mashati safi, wengine viatu vya kuazima, ingawa baba alicheza bila viatu kama alivyojifunza. Aliyeogopwa kuliko wote alikuwa Barasa, mtu wa Mabanga, mnene, mwenye mdomo usiotulia.

"Baba Wanjala! Leo umekuja na jeshi?" alisema aliponiona.

"Huyu ni katibu wangu."

"Katibu, niombee na mimi bwana. Nikipata nyumba yenye vyumba viwili, chumba cha pili natia mke wa pili."

"Wa kwanza amekubali?"

"Wa kwanza anasema afadhali, apumzike kunisikia."

Watu wakaangua kicheko, hata katibu mzungu aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha turubai akatabasamu bila kujua wamesema nini. Baba alikuwa ameilaza fimbo yake ndefu kwenye nyasi, ikielekea mbali, ili aone mstari wa pigo la kwanza. Kisha akaniita nimpelekee mpira. Nilikimbia. Wote walikuwa wananitazama, na mimi watu wakinitazama sioni ninapokanyaga. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshavuka fimbo ndipo nikakumbuka, na wa pili ukafuata wenyewe.

Nilimpa baba mpira. Nilijua la kufanya. Ilikuwa nigeuke tu, niruke kurudi, kitu cha kufumba na kufumbua. Lakini makedi wote walikuwa pale na mashati yao meupe, na yule mzungu, na Barasa ambaye angesema neno na wote wangecheka, na bado nilisikia kicheko cha wale wasichana wa mfereji masikioni. Nikaizunguka fimbo kwa mbali, nikaenda kusimama nyuma ya watu. Baba akaiokota, akatanua miguu, akakata miwa. Mpira ukaruka vizuri sana hata nikadhani Kukhu alikosea, kwamba fimbo za wazungu hazijui mambo yetu.

Sitaeleza uwanja wote. Mmoja mmoja walishindwa, na kufikia shimo la mwisho walibaki baba na Barasa, sawasawa. Wale ambao hamjaona gofu ya siku zile Kitale niwaambie kwamba mahali penye shimo hapakuwa na nyasi. Palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu na kushindiliwa, ukawa mweusi na laini, na jua lilipoupiga harufu ilipanda hadi kooni. Mpira wa Barasa ulikuwa tayari juu ya duara hilo, karibu na shimo. Mpira wa baba uligonga ukingo, ukasita, ukaporomokea ndani ya shimo la mchanga mkavu lililokuwa mbele yake.

"Pole, jirani," Barasa alisema, na safari hii hakuwa anatania.

Sikuogopa. Hilo ndilo nataka mlielewe. Miguu ile niliijua. Pigo la mchangani alikuwa amelirudia nyuma ya nyumba mpaka ardhi ikabonyea. Baba aliingia, akachimbia miguu, kulia, kushoto, akageuza mwili, mpira mbele, karibu na kisigino. Kila kitu kilikuwa sawa. Kutoka pale alipokuwa angeweza kuona mabati ya nyumba za wafanyakazi nyuma ya miti, na aliyatazama. Kisha akanitafuta kati ya watu, akaniona.

Akaitoa miguu mchangani. Akaibana, ikakaribia kugusana. Akasogea mpaka mpira ukawa mkabala na mguu wa kulia.

Alikuwa anataka kufagia. Nikakohoa. Hakusikia, nilidhani, nikakohoa tena, kwa nguvu, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Barasa akasema, "Jamani mpeni mtoto maji." Baba aliinua kichwa, akanitazama moja kwa moja. Akatabasamu. Kisha akafagia, fimbo ikazama, na mpira ukabaki pale pale.

Alipoutoa kwa pigo la pili ulivuka duara lote na kwenda kwenye nyasi za upande wa pili. Barasa hakuhitaji hata kujaribu sana. Baba alimpa mkono, tena mikono yote miwili, na katibu akasema kitu kwa Kiingereza, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama kile kipande cha nyasi mbali kule tulikoanzia. Nilikuwa nimeelewa, au nilifikiri nimeelewa. Njia ya fimbo ilikuwa imekatwa. Miguu ya baba ilijua la kufanya, lakini kitu kiliiondoa mchangani kwa nguvu na kuibana, na kitu hicho kilitoka kwangu. Hata lile tabasamu nililisoma hivyo. Nilidhani ni la mtu ambaye masikio yake yamezibwa, anayeona mdomo unachezacheza na hajui anaonywa.

Mama alikuwa anatusubiri barabarani siku aliyotegemea baba anirudishe. Alikuwa amevaa gauni la kanisani.

"Habari ya huko?"

"Barasa," baba alisema.

Mama alichukua furushi langu kutoka kwenye baiskeli, akasema, "Njooni mle, chakula kinapoa." Alikuwa amechinja kuku. Tulipokuwa tukila nilimsikia ndani akivirudisha vyungu vyake mahali pake, kimoja kimoja, bila haraka. Kukhu alinisukumia finyango yake. Sikujua kwa nini alikuwa na furaha, na yeye alijitahidi isionekane.

Baba akarudi Kitale kwenye chumba cha wanaume. Akaendelea kuwa mtu wa sikukuu. Mdogo wangu wa kike alizaliwa, na baba alimwona mara ya kwanza akiwa tayari anakaa peke yake; mtoto alilia alipomshika. Mwaka ambao mafuriko yalibeba mtama wetu, mama aliupanda upya peke yake na mtoto mgongoni. Mwaka ambao Kukhu aliugua, mama ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwosha, akamzika. Nilikuwa naona mgongo wake unavyoinama na kila nilipouona nilijiambia, huu ni wangu, nimeuinamisha mimi. Sikuweza kumwambia. Badala yake nilichota maji kabla sijatumwa. Niliamka nikasaga kabla hajaamka. Wanawake wa kanisani walimsifia: "Una bahati, Mama Wanjala, mtoto huyu hana maneno, ana kazi tu." Mama alikuwa akinishika kichwani na kusema, "Huyu ndiye mume wangu." Walicheka, na mimi nilikuwa natoka nje.

Nilimaliza shule ya msingi nikabaki nyumbani naye. Watu walinisifu kwa hilo pia.

Mwaka jana baba alirudishwa. Kifua chake kilikuwa kimeharibika, mfuko wa fimbo ukawa mzito kuliko yeye, na klabu ikamwambia apumzike. Alikuja na baiskeli akiisukuma, na ndani ya nyumba yake akawa hajui mahali vitu vilipo. Aliuliza chumvi iko wapi. Aliomba ruhusa kuhamisha kiti. Yeye na mama walisemezana kwa adabu nyingi, "asante," "samahani," "umelala salama," na kila mmoja alimpisha mwenzake mlangoni. Mama alimtengea chakula kwenye meza ya sebule, akakifunika kwa kitambaa kilichofumwa, kama afanyavyo mchungaji akitutembelea. Sisi tulikula jikoni. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Walikuwa tu hawajawahi kuzoeana.

Ilikuwa baada ya ile harufu ya Bungoma ndipo nikasema. Niliporudi na mafuta ya taa nilimkuta baba uani ameketi juani, na kabla haya haijanikamata nilimwambia yote, fimbo kwenye nyasi, mguu wa kwanza na wa pili, jinsi nilivyoogopa kurudi mbele ya watu. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyeinyima nyumba hii nyumba ya mawe.

Alicheka mpaka kifua kikamkamata, ikabidi nimshike mgongo.

"Kumbe umebeba hilo miaka yote!" alisema alipopata pumzi. "Ati fimbo! Mama yangu na mambo yake. Sikiliza, mwanangu. Mimi nilikusikia ukikohoa. Nilisikia mara ya kwanza."

"Sasa kwa nini hukubadilisha miguu?"

"Si niliibadilisha? Ilikuwa sawa, nikaiharibu." Alikuwa ananitazama kwa furaha ya mtu ambaye ameficha zawadi muda mrefu na sasa siku imefika. "Hukumbuki uliloniambia? Ulikuja umelowa, unalia, unatetemeka. Ulisema, 'Baba, mimi sitaki kukaa hapa. Ukishinda nitarudi kwa Kukhu kwa miguu. Na Kukhu atakaa na nani?' Wewe, ambaye hujawahi kuniomba hata peremende! Nilikaa na maneno hayo. Nikasema moyoni, mtoto huyu hasemi, na leo amesema. Nilipoingia kwenye ule mchanga nilikuona pale umejikunja nyuma ya watu na gauni lako. Nikasema, basi."

Nilitafuta kichwani nikayapata maneno hayo. Yalikuwepo. Nilikuwa nimeyasema kwa hasira ya gauni, na kesho yake, wakati naamka, hasira yenyewe ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimeanza hata kuutamani ule mfereji, nijaribu tena polepole wakati hakuna mtu. Nilikuwa nataka ashinde. Nilikohoa mpaka nikalia. Ila kikohozi hakina maneno, na maneno aliyokuwa nayo kutoka kwangu yalikuwa yale ya jana.

"Mama yako usimwambie," baba alisema kwa sauti ya chini. "Yeye hataelewa. Hii ni yetu wawili."

Mama alikuwa ameingia uani kutoka shambani, jembe begani, mkono mmoja umeshika kiuno. Alitupa salamu, akapita jikoni, na baada ya muda nilisikia sufuria. Nilibaki nimesimama. Nilijaribu kumkasirikia baba, sikuweza, alikuwa amekonda na anang'aa uso. Nilijaribu kujisamehe kwa kuwa nilikuwa mtoto, hilo pia sikuweza, kwa sababu nilisikia jikoni mtu akipumua kwa maumivu anapoinama kuchochea moto.

"Wewe," mama aliniita. "Mpelekee mgeni wetu maji ya kunawa."

Ni utani wake, humwita hivyo tangu aliporudi, na sisi sote huwa tunacheka. Nilichukua birika na beseni nikaenda sebuleni, ambako baba alikuwa ameshaketi mbele ya meza, mgongo wima, akingoja. Alinyoosha mikono juu ya beseni. Nilianza kumwagia maji, naye akainua macho akaniuliza polepole, kama mtu anayeogopa kuomba zaidi ya haki yake:

"Lakini ulifurahi, si ndiyo? Siku ile tuliporudi kwa Kukhu. Ulifurahi?"

Mama alikuwa mlangoni na chakula, amekifunika kwa kile kitambaa, anasubiri tumalize ili asitupite katikati.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Nilifurahi sana."